John Creasey: vitabu zaidi ya 600, majina 28. Huyu alikuwa mtu mmoja kweli?

kichwa_kizito

Wakuu habari za jioni. Swali hili ni la wapenzi wa vitabu vya upelelezi, watu wa siasa na mpira leo tupisheni kidogo.

Jumamosi nilikuwa mjini nikapita kwa wale jamaa wanaotandika vitabu vya mtumba chini, nikachakura weee nikatoka na viwili, buku mbili mbili. Kimoja ni Gideon's Day cha J.J. Marric, cha pili ni cha mtu anaitwa Gordon Ashe, jalada limechanika kona halafu kuna mtu kaandika ndani kwa peni ya bluu "rudisha Ijumaa". Makusudi kabisa nilichagua waandishi wawili tofauti ili nionje huku na huku. Nimefika geto umeme hakuna, nikawasha tochi ya simu nikaanza kusoma zile herufi ndogo za mwanzoni ambazo huwa hakuna anayezisoma, mambo ya hakimiliki, nakuta John Creasey. Nikasema sawa, labda ndo mwenye kampuni. Nafungua cha pili, John Creasey tena! Yaani nimemnunua mtu mmoja mara mbili bila kujua.

Nikaingia Google ndo nikachoka kabisa. Wanasema vitabu zaidi ya 600 kwa majina 28. Mia sita! Mimi barua ya kuomba kazi tu huu mwezi wa pili bado naandika aya ya kwanza.

Sasa naombeni wanaomjua. Huyu alikuwa binadamu mmoja kweli au kulikuwa na kikundi kinaandika halafu yeye anapokea hela? Na majina yote hayo ya nini, alikuwa anadaiwa? Na je vinasomeka au ndo vile vya kusinzia navyo kwenye basi?

babu_wa_rafu

Kijana umenikumbusha mbali sana. Mtu mmoja tu, na wala hakuanza na bahati.

Huyu bwana amezaliwa 1908 kule Southfields, London kusini, mtoto wa saba kati ya tisa, baba yake fundi wa kuunda mabehewa, yaani nyumba ya watu wa hali ya chini tu. Akiwa bado mdogo polio ikampiga, akachelewa kutembea mpaka kama miaka sita hivi. Shule ameacha na miaka 14, akaingia kwenye vikazi vya ofisini na viwandani ambavyo hakudumu navyo kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye kuandika. Na alichokuwa anaandika hakuna aliyekitaka. Mwenyewe alihesabu barua za kukataliwa 743 kabla mambo hayajamnyookea. Wewe ukikataliwa mara tatu si unahamia kwenye kuuza simu?

Riwaya yake ya kwanza ya uhalifu imetoka 1932. Baada ya hapo ni kama bomba limepasuka. Mwaka 1937 peke yake vilitoka vitabu 29. Huo mwaka ndo alitoka na mhusika wake Baron, mwizi wa vito mstaarabu, aliandika kwa siku sita tu kuwahi shindano la wachapishaji na akashinda, akatumia jina Anthony Morton.

Sasa kwa nini majina. Hakuwa anadaiwa na mtu, ilikuwa biashara. Uingereza ya miaka ile kulikuwa na maktaba za mitaani za kukodisha vitabu kwa peni mbili, ziko kwenye vibanda na maduka ya sigara, watu wanachukua riwaya kama sisi tulivyokuja kukodi kanda za video. Soko lilikuwa linameza kila kitu. Lakini mchapishaji ukimpelekea kitabu kila mwezi anakukatalia, anakwambia jina lako likijaa sana sokoni vitabu vyako vitaanza kugombania wanunuzi vyenyewe kwa vyenyewe, na msomaji naye akiona mtu anatoa ishirini kwa mwaka anajua tu hiyo ni takataka. Kwa hiyo Creasey anampelekea huyu kama Creasey, yule kama Morton, wa tatu kama Michael Halliday, wa nne kama Jeremy York, wa tano kama Norman Deane, na huyo Gordon Ashe wako. Kila duka na mzigo wake, na hakuna anayelalamika.

hesabu_haidanganyi

Babu heshima yako lakini mimi hii siinunui. Tupige hesabu. Kuanzia 1932 mpaka amefariki, nasikia ni 1973, hiyo ni miaka 41. Vitabu 600 gawa kwa 41 unapata karibu 15 kwa mwaka, yaani kila baada ya wiki tatu na ushee kitabu kizima kimeisha, hapo hajaugua, hajasafiri, hajafiwa, hajaenda harusini. Na ule mwaka wa 29 ndo usiseme, siku 12 au 13 kitabu. Hata kuvipiga taipu tu bila kufikiria mikono inachoka. Lazima walikuwepo watu nyuma ya pazia, tusidanganyane.

babu_wa_rafu

Mwanangu hesabu zako ziko sawa ila umesahau aina ya kitabu. Havikuwa vitabu vinene vile. Riwaya ya wakati ule ni maneno sitini elfu hivi, nyingine pungufu. Mtu akikaa chini akaandika maneno elfu sita kwa siku, siku kumi kamaliza. Waandishi wa magazeti wanaandika hivyo kila siku hawapewi pongezi. Yeye tofauti yake hakuwa na siku ya kusubiri mzuka umpande, anaamka anakaa anaandika. Mambo mengine alikuja kuyarekebisha baadaye, vitabu vingi vya ujanani alivipitia upya miaka ya sitini ndo vikachapwa tena, maana alijua mwenyewe vilikwenda mbio mno.

Na ushahidi kwamba alikuwa peke yake ni makosa yenyewe. Kati ya vyote hivyo kuna vya makauboi, aliandika kama Tex Riley na majina mengine, wakati huo Marekani hajui hata inanukaje. Akaandika coyote wanaruka angani juu ya vichwa vya makauboi. Coyote ni jamii ya mbweha wa kule! Yeye alidhani ni ndege. Kungekuwa na kikundi si angalau mmoja angemwambia?

hesabu_haidanganyi

😂😂😂 Mbweha wanaruka. Sawa babu, hilo la mbweha limenimaliza, nimelegeza kamba. Ila sijakubali bado.

mse_wa_inama

Niaje watu wa TZ. Mimi niko Nairobi, vitabu vyangu vyote vya ujana nimetoa inama bookshop, zile za kuwekwa chini kwa pavement unainama ndio uchague. Huku Creasey hakuwa na jina kubwa vile, huku mfalme alikuwa James Hadley Chase, hiyo hakuna kubishana. Buda yangu alikuwa nazo sanduku mzima chini ya kitanda, zile za wasichana kwa kava, mama hakuzitaka kwa sitting room.

Lakini mnajua hata Chase ni jina ya kupanga? Jina yake halisi ni René Raymond, Mwingereza wa London, na hizo stori zote za magengesta wa Marekani alianza kuziandika 1939 akiwa kwao Uingereza, na ramani na kamusi ya maneno ya mtaani. Alikuwa pia anaitwa Raymond Marshall, na Ambrose Grant, na James L. Docherty. Lakini yake ni kama tisini hivi, ukiweka kando ya Creasey anakaa mvivu.

Mwenye anakaribiana na Creasey ni yule Mbelgiji Simenon, mwenye vitabu vya mpelelezi Maigret. Kabla Maigret apate jina 1931 alikuwa ameshaandika kama mia mbili za haraka haraka chini ya majina kibao, Georges Sim, Jean du Perry, Christian Brulls. Ila ona tofauti yao. Simenon alipopata jina yake nzuri akaachana na zile zingine zote kama nguo kuukuu. Creasey yeye akabaki nazo zote mpaka mwisho, tena anaongeza. Hiyo ndio mimi hunishangaza. Ushapata doo, ushajulikana, bado unaongeza jina mpya ya nini?

mie_wa_shangani

Assalaam alaykum. Ngojeni nami nitie mkono, maana mie Creasey nimemsoma kweli, si wa Google. Marehemu mjomba alikuwa baharia, akirudi Uingereza haleti viatu wala manukato, analeta katoni la vitabu, na nusu ya katoni ni huyu bwana kwa majina yake tafauti tafauti. Sisi watoto tulikuwa hatujui kuwa ni mmoja. Dada yangu alikuwa anampenda Halliday na hamtaki Creasey, tena wanagombana na mjomba juu yake kabisa, mjomba anacheka tu hasemi kitu. Alikuja kutwambia tumeshakuwa watu wazima.

Basi kwa swali la bwana kichwa kizito kama vinasomeka, jawabu ni kuwa inategemea umeangukia jina gani. Nitasema wazi na mtu asinune. Vya Toff mie havinipandi. Ni kijana wa kitajiri, ana mtumishi wake, anateremka kwenye mitaa ya masikini ya mashariki ya London kupigana na wahalifu na anaacha kadi yake imechorwa kofia refu na miwani ya jicho moja, na watu wa mtaani wote wanamuabudu. Khaa! Vya Inspekta West vizuri, vinakwenda mbio, ukimaliza umesahau. Vya Dokta Palfrey kila mara dunia inataka kuangamia.

Lakini hicho ulichokiokota, J.J. Marric, hicho ndicho chenyewe. Usikichezee.

Hadithi ni kuwa jirani yake alikuwa polisi mstaafu, akamwambia mbona hamtuandiki tulivyo, kila siku kwenye vitabu vyenu sisi mapumbavu na anayefumbua fumbo ni bwana mmoja wa kiungwana aliyepita njia. Ndo akamtunga George Gideon wa Scotland Yard, yaani makao ya polisi wa London, kitabu cha mwanzo 1955. Na akili yake ilikuwa kwenye mpango. Hakuna kesi moja na mshukiwa mmoja. Ni siku moja ya ofisi, kesi saba nane zinakwenda pamoja, nyengine zinakamatika, nyengine zinamponyoka, moja ndogo aliyoipuuza asubuhi inarudi usiku kumuuma. Inaanza ana ghadhabu kwa sababu askari wake mmoja kahongwa na watu wa madawa ya kulevya, anamwita anamfokea mpaka ofisi nzima inatetemeka, na kabla ya siku kwisha yule askari ni maiti. Na Gideon anabaki na lile, kuwa maneno yake ya mwisho kwa yule kijana yalikuwa ya matusi.

Na nyumbani sasa. Yeye na mkewe Kate wana watoto sita, lakini kulikuwa na wa saba, alikufa mdogo usiku ambao baba yuko kazini. Mke alimuomba abakie, hakubakia. Miaka inapita hawaligusi, wanaishi nyumba moja wanapeana chai na baina yao pana ukuta. Hapana bastola hapo, hapana jasusi. Ni mume anarudi usiku anavua koti na kuangalia kama taa ya juu inawaka. Mtu anayeandika hivyo usiniambie ni mashine.

hesabu_haidanganyi

Bi Shangani umeniweka kwenye mtihani, mimi nilikuwa najiandaa kubisha tena. Sasa swali, kama alikuwa anaweza kuandika hivyo, kwa nini apoteze muda kwenye mbweha wanaoruka?

mie_wa_shangani

Kwa sababu mtoto anakula leo, mwanangu. Na pengine bila ya mbweha mkono usingelainika. Sijui kwa wenzangu, mie naona kila jina lilikuwa chumba. Ukiingia chumba cha Marric unavua viatu, ukiingia cha Tex Riley unaingia navyo.

Na jengine, hilo jina la Marric si la kuokota. J ya kwanza ni yeye mwenyewe John, ya pili ni mkewe wa wakati ule Jean, MAR ni Martin, RIC ni Richard, wanawe. Nyumba nzima kaitia kwenye jina. Na mwanzoni kabisa mapenzi aliyaandika kama M.E. Cooke au Margaret Cooke, ndilo jina la mkewe wa kwanza alilokuja nalo kutoka kwao! Kuna na Elise Fecamps, huyo naye wa mapenzi, huyo kamtoa wapi Mungu ndiye ajuaye.

Halafu nikicheka peke yangu huwa namlinganisha na mzee wetu Muhammed Said Abdulla. Huyo aliandika vichache na akafanya kinyume kabisa. Creasey kajificha ndani ya majina 28, mzee wetu kachukua herufi za jina lake mwenyewe akamvisha mpelelezi, M, S, A, ndio huyo Bwana Msa na kiko chake. Mmoja anakimbia jina lake, mwengine kaligeuza shujaa.

mse_wa_inama

Wueh hiyo ya Bwana Msa sikuwahi kuiona na nilisoma hiyo kitabu shule. Miaka yote hiyo nikidhani ni Musa imekatwa.

babu_wa_rafu

Ahsante Bi Shangani, kwenye Gideon nakuunga mkono mia kwa mia. Wamarekani nao waliliona, Gideon's Fire ilichukua tuzo ya Edgar ya riwaya bora mwaka 1962, kile cha mtu anayechoma moto nyumba za masikini. Tuzo ilienda kwa J.J. Marric, tafadhali. Na filamu ya hicho alichonunua kijana ilitoka 1958, mwongozaji ni John Ford, yuleyule wa filamu za makauboi. Kwa hiyo makauboi walimfuata hata alipowakimbia.

Hesabu, wewe unataka ushahidi kwamba alikuwa na muda, mimi nitakuongezea maumivu. Pamoja na vitabu vyote hivyo mwaka 1953 ndiye aliyewaita wenzake wakaanzisha chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu Uingereza, kipo mpaka leo na kinatoa tuzo, ile ya mwandishi mpya wa kwanza ndo iliitwa kwa jina lake. Wakati wa vita alikuwa anahamasisha watu waweke akiba, akapewa nishani ya MBE 1946. Amezunguka dunia. Ameoa mara nne. Na siasa juu! Alikuwa wa chama cha Liberal, 1950 akagombea ubunge akashindwa, baadaye akaanzisha chama chake cha kutaka serikali iundwe na watu wazuri wa vyama vyote, akagombea mara nne kati ya 1967 na 1968, kapigwa zote. Wazo halikuwa baya, ila nadhani wapiga kura waliona jina moja tu kwenye karatasi wakadhani siye.

hesabu_haidanganyi

Subirini subirini. Nimerudi na kitu. Nimechimba usiku mzima. Creasey amefariki Juni 1973, sawa? Sasa mbona kuna vitabu vya Gideon vya 1978 na kuendelea, jina ni J.J. Marric hilohilo? Maiti inaandika? SI NILISEMA kuna mtu nyuma ya pazia!!

babu_wa_rafu

Hahaha umekamata mkia lakini wa mnyama mwingine. Kwanza jua kwamba aliacha miswada mingi tayari, miaka kadhaa baada ya kuzikwa vitabu vyake vipya vilikuwa bado vinatoka. Hivyo ni vyake halali. Ila hivyo vya Gideon vya 1978 na baada ya hapo ni vya mtu mwingine, William Vivian Butler, na hakikuwa kificho, jina lake liko wazi pembeni ya Marric. Familia na wachapishaji waliona Gideon bado anapendwa, wakampa mtu aendeleze.

Kwa hiyo upo sahihi nusu. Alipokuwa hai yeye mmoja alikuwa watu 28. Alipokufa ndo mmoja kati ya wale 28 akawa watu wawili.

hesabu_haidanganyi

Nusu naichukua. Naweka mfukoni naenda zangu.

kichwa_kizito

Wakuu asanteni sana, sikutegemea uzi ungenoga hivi. Naleta mrejesho.

Gideon's Day nimemaliza juzi. Bi Shangani umenipunja tu kidogo kwa kunisimulia habari ya yule askari lakini nimekusamehe, maana hata nikijua kilichokuwa kinakuja bado kile kipande cha Kate kilinikalisha. Kuna sehemu karibu na mwisho anarudi nyumbani usiku, nilisoma taratibu, nikarudia. Halafu nikampigia mke wangu aliyeko Morogoro, akaniuliza kuna nini saa hizi, nikasema hakuna nilitaka kusikia tu. Akahisi nimekunywa.

Gordon Ashe bado niko ukurasa wa arobaini. Ngumi nyingi. Naona kama nimeingia na viatu.

Leo mchana nikarudi pale kwa yule jamaa. Nikachakura nikakuta Michael Halliday mmoja, na chini yake Anthony Morton, yule Baron. Nikamuuliza bei akasema buku tatu tatu. Nikamwambia bro punguza basi, huyu mwandishi nimeshamnunua kwako mara mbili wiki iliyopita, mimi ni mteja wake. Akavichukua mkononi, akasoma jina la kwanza, akasoma la pili, akaniangalia usoni kama mtu anayetaka kuombwa kitu bure. Akasema, "Kaka, mimi hapa nina miaka tisa. Hawa wote wawili hujawahi kuninunulia."

Nimetoa elfu sita.